Pale Basi Linapogeuzia

Malin Beg, Donegal
9 Mei 1994

Dada yangu Róise,

Naomba radhi kwa kimya changu. Barua yako ya mwezi wa pili ilifika salama, nami tangu siku hiyo sijakuandikia hata mstari mmoja. Bila shaka umedhani nimekasirika au nimelazwa. Sivyo. Afya yangu ni njema kuliko mwaka jana. Goti la kushoto hunisumbua siku za mvua tu, nawe unajua maana yake hapa kwetu. Wewe je, kile kikohozi kimekuacha? Binti yako Noreen na wanawe hawajambo huko jangwani?

Sababu ya kimya ni swali lako. Uliniambia kwamba mwezi wa tisa unastaafu kazi ya jikoni shuleni, kwamba mwenye nyumba wenu anauza jengo zima, na kwamba ungependa kurudi nyumbani ikiwa ningeweza kukutajia mahali katika kaunti yetu ambapo mjane wa miaka sitini na mmoja ataona bahari, atapata watu wa kuzungumza nao, wala hatauawa na upepo. Malin Beg ulikwisha kupakataa mwenyewe, na sikulaumu. Nyumba ya wazazi ina chumba kimoja kikavu, namo ninalala mimi. Ukamalizia kwa kusema, "Umefundisha ramani ya Donegal maisha yako yote. Utajua."

Ramani naijua. Ukiniamsha usingizini nitakutajia kila rasi na kila ghuba kutoka Bundoran mpaka Foyle bila kuvuta pumzi. Lakini mtu hamchagulii dada yake nyumba kwa kuweka kidole juu ya karatasi, na sehemu kubwa ya kaunti hii sikuwahi kuikanyaga. Palikuwa na shule, palikuwa na mama, kisha palikuwa na ng'ombe. Nikaamua nisikujibu mpaka nimeona. Mwezi wa tatu nilitimiza miaka sitini na sita, serikali ikaniletea kibali cha wazee cha kupanda basi bure. Róise, nimekuwa kiguu na njia.

Siku ya kwanza Condy Gillespie, mtoto wa Packie fundi viatu, ndiye aliyekuwa dereva. Alinitazama nilivyopanda na begi la mkate na koti la mvua.

"Mwalimu, umepotea?"

"Nasafiri."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka utakaposimama."

"Mimi husimama Donegal mjini, Mwalimu. Huko hawajui kwamba wewe ni mkali. Utarudi na mke."

Basi zima lilicheka. Nilimwambia kwamba nilipomfundisha hesabu hakuwa na maneno mengi hivyo. Akajibu kwamba wakati ule nilikuwa na fimbo.

Tangu hapo sijatulia. Killybegs nimeikagua mara mbili. Meli za samaki siku hizi ni kubwa kuliko kanisa, na bandari yote inanuka samaki bangala waliokaushwa kwa moshi, harufu ambayo mimi naipenda, lakini wewe hutaki kuamka nayo. Ardara nimekaa saa nzima mlangoni kwa mfumaji mmoja, nikisikiliza kitanda chake cha kufumia sufu kikigonga kama moyo wa farasi. Mji mzuri, ila bahari imejificha nyuma ya kilima. Dungloe ni mtaa mmoja mrefu unaopanda, na watu wake ni wachangamfu mno, mwanamke nisiyemjua alinishika mkono nje ya duka la nyama na kuniuliza, "Wewe ni wa nani?" Nilipomtajia babu yetu akasema alijua, kwa sababu ya masikio.

Nilivuka mpaka kisiwa cha Arranmore kwa feri, nikiwa nimebanwa kati ya friji mpya na ndama. Maji ya huko ni ya kijani kibichi kama chupa, na ukiinama unaona mchanga chini. Nikasema moyoni, hapa ndipo. Kisha nikakumbuka jinsi ulivyotapika njia nzima mpaka Liverpool, nikapafuta.

Lakini nilichotaka hasa kukueleza ni Errigal. Miaka yote nilikuwa nikiuchora mlima ule ubaoni kama pembetatu, nikidhani ninawarahisishia watoto. Basi lilipokata kona ya Dunlewey mawingu yalifunguka, nikauona. Ni pembetatu kweli, nyeupe, imesimama peke yake. Nilisimama ndani ya basi. Dereva akaniambia, "Kaa, mzee, hauondoki." Sikukaa.

Sijapata mahali pako bado. Upande wa kaskazini sijaugusa. Nitakuandikia nikifika.

Kaka yako,
Eunan

*

Philadelphia
24 Mei 1994

Kaka Eunan,

Mzima mimi, na kikohozi kimeondoka kilipoona jua. Goti lako ulifunge kitambaa cha sufu, na usiniambie kwamba unafanya hivyo, kwa sababu najua hufanyi.

Barua yako nimeisoma jikoni kwa sauti wakati viazi vinachemka. Ernestine, mwenzangu wa miaka ishirini kwenye jiko lile, alikuwa amezoea kusikia kwamba kaka yangu ni mtu wa kukaa kitako na kusahihisha wenzake. Sasa kila asubuhi ananiuliza, "Kaka yako leo yuko wapi?" Nikimwambia sijui, anasikitika. Ule mlima wako umemtia wazimu. Anataka picha.

Nami nimefurahi, Eunan, mpaka nimekuwa kama msichana. Nikipanda treni ya kwenda kazini nataja majina moyoni, Dungloe, Burtonport, Bunbeg, na mtu aliyekaa karibu anadhani nasali. Lakini nikuambie ninachotaka, usije ukaniletea mandhari tupu. Nataka duka ninaloweza kulifikia kwa miguu. Nataka kanisa lisilohitaji gari. Nataka wanawake wanaoingia bila kubisha hodi na kukaa bila kuulizwa. Nimeishi miaka arobaini na moja mahali ambapo jirani hupiga simu kwanza ili kuuliza kama anaweza kupiga simu.

Na nikuambie ninachoogopa. Unamkumbuka Hughie aliyerudi kutoka Boston tulipokuwa watoto? Mpaka anakufa aliitwa "Mmarekani", na watoto walimfuata barabarani kutazama viatu vyake. Nitaitwaje mimi? Hapa ni Mwairishi, huko nitakuwa Mmarekani. Nitakuwa mtu wa kwangu lini?

Noreen ananisubiri. Ana chumba nyuma ya nyumba yake Tucson, kina mashine ya baridi na mlango wake. Ni binti mwema, lakini anaishi mahali ambapo mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Anataka jibu kabla majira ya joto hayajaisha, na ana haki ya kulitaka. Kwa hiyo endelea kupanda mabasi, kaka. Mimi natazama sanduku la barua kila siku.

Mdogo wako,
Róise

*

Malin Beg
20 Juni 1994

Dada yangu Róise,

Natumaini u mzima kama nilivyo mimi. Goti limefungwa, na ni kwa kitambaa cha sufu, na nilianza kabla ya kupata barua yako.

Nimerudi jana kutoka kaskazini. Nilikuwa nikilala Letterkenny kwa mama mmoja anayepangisha vyumba, ambaye hukaanga mayai mpaka yanakuwa ngozi, na kila asubuhi nilipanda basi la upande mwingine. Nimekwenda Buncrana, ambako watu wa Derry hujaa Jumapili na kula mwani mkavu kutoka mifuko ya karatasi huku wakitembea ufukoni wamevaa suti. Nimesimama Malin Head, mwisho wa Ireland yote. Nilidhani nitaona upweke. Niliona wanaume wawili wakibishana kuhusu kondoo kwa sauti iliyoshinda bahari, na mmoja wao akaniomba niwe hakimu kwa sababu nilivaa tai. Nimehukumu, na wote wawili walinikasirikia, kwa hiyo nadhani nilihukumu sawa.

Horn Head nilikwenda na mwanamume wa Dunfanaghy anayepeleka mkate kwa gari. Alisimamisha gari ukingoni mwa genge juu ya bahari ili nione ndege. Walikuwa maelfu, wamejipanga kwenye vidato vya mwamba kama watu ndani ya kanisa, na wote wanazungumza. Mwuza mkate akasema, "Hawa ndio wateja wangu wabaya kuliko wote, Mwalimu. Hawanunui, na wanalalamika." Nilicheka mpaka nikashika mlango wa gari.

Sasa sikiliza. Baada ya Kerrykeel barabara hupanda bega la mlima wa Knockalla. Mvua ilikuwa imefunga madirisha yote, sikuona kitu. Basi lilipofika juu dereva akapangusa kioo chake kwa mkono wa sweta, nami nikaona chini yangu ghuba ya Ballymastocker. Ufuko wake ni mpana, umepinda kama upinde, mchanga wa rangi ya siagi, na mawimbi yanaingia moja baada ya jingine bila haraka. Mbele yake, ng'ambo ya maji, milima ya Inishowen. Mwanamke aliyekaa nyuma yangu alisema, "Si pabaya, eh?" Kwa watu wa Fanad hiyo ni sifa kubwa kabisa.

Basi lilishuka mpaka Portsalon, likaendelea kidogo, na hatimaye likageuza mbele ya nyumba nyeupe yenye mlango wa bluu. Nilishuka, nikasimama pale kwenye mvua nikitazama bahari. Nusu ya juu ya mlango ikafunguka.

"Ukisimama hapo zaidi utaota uyoga. Ingia."

"Siwezi kukusumbua, mama."

"Chai iko tayari."

"Nimekwisha kunywa Letterkenny."

"Letterkenny ilikuwa asubuhi. Kaa hapo."

Nikakaa. Jina lake ni Bi Madge Shiels, mjane wa karibu miaka themanini, mwembamba kama mti wa uzio, mdomo mkali. Aliniuliza mimi ni wa nani, akakumbuka kwamba McNelis mmoja, mwenye jina letu, alikuja Fanad kununua kondoo kabla ya vita na akalipa kidogo. Nilimwambia huyo hakuwa wetu. Akasema kila mtu husema hivyo.

Róise, kuta ni kavu. Niliweka kiganja changu juu yake nikijifanya najishikilia. Kuna vyumba viwili vya kulala. Dirisha la jikoni linatazama ghuba yote. Duka ni mwendo mfupi, kanisa halizidi hapo sana. Tulipokuwa tukinywa chai waliingia wanawake watatu, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyebisha hodi, na wa tatu alichukua kiti changu nilipoinuka kumwamkia. Mwanawe Bi Madge yuko Letterkenny na anataka mama yake ahamie kwake kabla ya baridi.

Nilimwuliza kama amefikiria kuiuza nyumba. Akasema hauzi, hakuwahi kufikiria kuuza, na hata Baba Mtakatifu aje na kofia mkononi, hauzi. Kisha akanifungia nusu ya mkate, nikapanda basi.

Nimerudi na moyo mweupe. Sasa ni wakati wa kukata udongo wa kuchoma badala ya kuni, na nimechelewa, majirani wote wamekwisha kuanika wao. Kwa hiyo naishia hapa.

Kaka yako,
Eunan

*

Philadelphia
19 Julai 1994

Kaka Eunan,

Natumaini umekwisha kuanika udongo wako na kwamba mgongo haukuumi. Mimi sijambo kwa mwili.

Nilikaa na barua yako siku nyingi kabla ya kuandika. Nyumba ile niliiona, kaka. Ulivyoieleza niliingia ndani, nikaweka birika motoni, nikatandika kitanda. Kisha nikafika pale ambapo mama yule anasema hauzi. Sielewi kwa nini ulinieleza kwa kirefu hivyo kitu ambacho hakipatikani. Nadhani safari zenyewe zimekufurahisha, na sikunyimi furaha hiyo, umeingoja muda mrefu.

Noreen alipiga simu siku ya sikukuu ya uhuru, tarehe nne. Watoto walikuwa wanapiga kelele nyuma yake, akaniuliza tena, na nikamwambia ndiyo, nitakwenda Tucson. Alilia kwa furaha. Anakipaka rangi chumba.

Usisikitike. Utakuja kunitembelea, ingawa sijui kama kibali chako kinafika huko.

Mdogo wako,
Róise

*

Malin Beg
27 Julai 1994

Róise,

Nisamehe kwamba siulizi afya yako kwanza. Nitaiuliza mwishoni. Ningekupigia simu kutoka posta, lakini Bella wa posta husikiliza kwa masikio yote mawili, na mara nyingine hujibu kabla ya anayeulizwa.

Nani amekuambia kwamba nyumba haiuzwi? Mimi niliandika kwamba Bi Madge alisema hauzi. Hayo ni mambo mawili tofauti. Je, Marekani imekunyang'anya hata hilo?

Mkumbuke mama alipokuwa akienda kwa akina Gillespie. Akikaribishwa chai alisema hapana. Akikaribishwa tena alisema hapana, nimetoka mezani sasa hivi. Mara ya tatu alisema, haya, tone tu, kisha akanywa vikombe vitatu na kula keki yote. Laiti mke wa Packie angerudisha birika baada ya ile hapana ya kwanza, mama asingekanyaga tena nyumba ile mpaka siku ya kiyama. Nyumba nayo ni chai, ila ni kubwa zaidi. Mwanamke akisema ndiyo siku ya kwanza, anaitangazia parokia nzima kwamba mwanawe anamwondoa kwa nguvu. Ilikuwa lazima akatae, na mimi ilikuwa lazima nirudi. Sikukueleza kwa sababu sikujua kwamba kuna mtu wa Donegal anayehitaji kuelezwa.

Nimerudi mara mbili. Mwanzoni mwa mwezi huu tulizungumza habari za hali ya hewa, za askofu na za bei ya wana-kondoo, na nilipokuwa mlangoni nikamwuliza tena. Akasema, "Mwaka huu sitauza," kisha akanionyesha mlango wa nyuma na kunieleza kwamba bawaba yake inataka mafuta. Ungekuwa hapa ungerukaruka. Mimi nilirukaruka, kwa kadiri goti lilivyoruhusu, lakini ilikuwa nyuma ya ukuta wa kanisa.

Ijumaa iliyopita nilikwenda mara ya tatu. Sikuuliza kitu. Aliniuliza yeye.

"Huyo dada yako, Marekani amekaa sana?"

"Tangu mwaka wa hamsini na tatu."

"Basi atabomoa ukuta wangu aweke kioo kutoka sakafu mpaka dari."

"Anataka jiko lenye joto na watu wa kuzungumza nao."

"Watu wapo. Tatizo ni kuwanyamazisha." Akakoroga chai. "Na wakati wa baridi atakuwepo, au ni wale wa wiki mbili za Agosti?" Akaelekeza kijiko dirishani. "Nyumba ile, na ile, na zile mbili za mwinuko, zote zinafungwa Septemba. Mpaka Pasaka hakuna taa. Mimi nataka moshi utoke kwenye dohani yangu mwezi wa kwanza. Mwanangu akinipitisha hapa kwa gari, nione moshi. Asiyeweza hilo, hata jina lake usinitajie."

"Atakaa mwaka mzima."

"Unaahidi?"

Nilimjibu kwamba siwezi kuahidi kwa niaba ya mtu mwingine, ila nitakuuliza.

"Mwalimu mtupu wewe," akasema. "Mwingine angeshaapa kwa mifupa ya watakatifu." Akanimiminia kikombe cha pili bila kuniuliza, akasema hatamwuzia mtu mwingine kabla ya mwisho wa Oktoba.

Sasa jambo ni lako. Chumba cha Tucson ni cha binti yako, naye amekipaka rangi, na hilo si jambo dogo. Sitasema neno juu yake. Nakuuliza tu kama utawasha moto Fanad mwezi wa kwanza.

U mzima?

Kaka yako,
Eunan

*

Philadelphia
10 Agosti 1994

Kaka yangu mkali,

Ni mzima, na nimezidi kuwa mzima. Nilisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi, nikakaa kwenye ngazi, na mzee wa ghorofa ya pili akaniuliza kama aite gari la wagonjwa. Nilimwambia kwamba bibi mmoja amekataa kuuza nyumba na hakumaanisha. Akaniambia nipumzike.

Nilikuwa nimesahau, Eunan. Ni kweli kabisa. Ernestine alipokuja kwangu mara ya kwanza alikataa kahawa, nami nikarudisha kahawa kabatini. Miaka ishirini iliyopita nilikuwa nimekwisha kusahau. Usiku ule nilijiuliza kama ninaweza tena kuishi mahali ambapo hapana ni mlango na siyo ukuta. Kisha nikaona kwamba kila mara watu wa hapa waliponiambia hapana na wakawa wanaimaanisha, nilishangaa kidogo. Kwa hiyo labda sikusahau yote.

Noreen nimezungumza naye. Nilimsomea yale ya moshi. Akasema, "Mama, mimi chumba hiki nitakifanya cha kushonea, lakini uniambie ukweli, huko utakuwa na nani?" Nikamwambia nitakuwa na kaka yangu.

Ndipo nikaichukua ramani. Ernestine aliniletea kutoka maktaba. Nikaitafuta Fanad, nikaitafuta Malin Beg. Kaka, umenitafutia mahali palipo mbali nawe kuliko pote. Wewe uko kwenye kisigino na mimi umeniweka kwenye paji la uso. Ni mabasi manne na kulala njiani. Umeziona Ardara na Dungloe, zilizo karibu, ukazipita. Mtu mwingine angejichagulia dada wa kumpikia Jumapili.

Sasa sikiliza mimi. Nyumba ina vyumba viwili. Umesema mwenyewe kwamba kuta ni kavu. Una miaka sitini na sita, unalala katika chumba kimoja kisichovuja, na goti lako linapigana na mvua. Mimi moto wa Fanad nitauwasha mwezi wa kwanza, na wa pili, na mpaka nizikwe, ikiwa utakuwa umekaa upande wa pili wa jiko ukinisahihisha. Nikiwa peke yangu, ni heri Tucson, angalau nitasikia watoto. Sikutishi. Nakuambia tu jinsi mambo yalivyo, kwa namna ya huku, ili usiwe na la kutafsiri.

Mwambie Bi Madge kwamba sitabomoa ukuta wowote.

Mdogo wako,
Róise

*

Malin Beg
2 Septemba 1994

Dada yangu Róise,

Nashukuru kwamba u mzima. Mimi pia ni mzima, ingawa barua yako imeninyima usingizi, jambo ambalo halikunipata tangu ukaguzi wa shule wa mwaka wa sabini na moja.

Umeniuliza kwa nini nilizipita Ardara na Dungloe. Uliniomba mahali pako, hukuniomba mahali pangu. Sikuona sababu ya kuchanganya mambo mawili.

Kuhusu hilo jingine, sina budi kukuambia kwamba nimezaliwa katika nyumba hii, na kitanda nilichozaliwa ndicho ninacholalia. Mtu wa umri wangu hang'oki kama kabichi. Huko Fanad sitakuwa Mwalimu wa mtu yeyote. Nitakuwa mgeni kutoka kusini ambaye jamaa yake alilipa kondoo kidogo. Nimeyafikiria hayo yote kwa utaratibu, jibu langu la kwanza ni hapana, na nakuomba usinisukume.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilimwuliza Condy, kwa kutaka kujua tu, kama saa ya ukutani na masanduku ya vitabu vinaweza kusafiri chini ya basi. Akasema, "Saa hiyo ya mama yako? Mwalimu, hiyo nitaipakata mimi mwenyewe na basi lijiendeshe." Nilimkataza asimwambie mtu. Jumanne nilikwenda posta kununua stempu.

"Nasikia unahamia Fanad," akasema Bella.

"Sijaamua lolote."

"Ndivyo ninavyosikia, kwamba hujaamua."

Wanawake wawili waliokuwa kwenye foleni walinipa pole.

Nábla jirani amejitolea kuwalisha kuku wangu kwa wiki moja, ili tuone kama watamkubali. Nilitarajia wakatae kwa muda wa heshima. Walimkubali siku ya kwanza, na sasa wananikwepa uani kama mkopeshaji. Jana mvua ilipita kwenye paa mahali papya, juu ya meza. Nimeweka beseni. Kisha jua likatoka, nikashuka mpaka Silver Strand, ngazi zote zile, nikakaa mchangani na viatu vyangu. Hapakuwa na mtu. Ufuko wetu ni mzuri kuliko ule wa Ballymastocker, Róise, nami nitalisema hilo mbele ya mtu yeyote wa Fanad, hata nikiwa nimekaa jikoni kwake. Lakini nilikuwa na jambo la kuchekesha la kumwambia mtu, kuhusu wale kuku, na nilikaa nalo mpaka likapoa.

Jumatano ya wiki iliyopita nilikuwa nimepanda basi la kaskazini. Bi Madge nimemfikishia ujumbe wako wa ukuta. Aliniuliza nani atalala wapi. Nilimwambia kwamba chumba cha upande wa ghuba ni chako, ukija. Akaniuliza habari za kile kingine, kinachotazama barabarani. Nikaingia kukitazama. Akaniacha ndani yake peke yangu, akaenda kuweka maji ya chai. Ni chumba cha kutosha. Ukisimama dirishani unaliona basi la asubuhi likigeuza, na abiria wote wanakutazama, na dereva hukuinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Nilimwinulia changu.

Mwambie Noreen asitupe rangi iliyobaki, wala asianze kushona. Mwambie pia Ernestine kwamba picha ya Errigal iko ndani ya bahasha hii. Wingu lilikuwa kidogo, lakini pembetatu inaonekana.

Nitakuandikia mara tu nitakapokuwa nimeamua.

Kaka yako,
Eunan